Joto likipanda kwenye nyasi za milimani, kaboni ya udongo inaongezeka au inapungua?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma mazingira, na nimekwama. Makala moja inasema nyanda za nyasi za milimani zikipata joto nyasi zinakua zaidi, kwa hiyo udongo unaongeza kaboni. Nyingine inasema joto hilohilo linafanya udongo upoteze kaboni. Wote wawili wamepima kweli, sio maneno matupu. Sasa nimwamini nani? Na mimi nikienda kupima, sentimita 30 za juu zinatosha?"

Marahaba. Nikupe kwanza jibu la haraka afu ndo tuingie ndani: hao wote wawili wanaweza kuwa sahihi, maana hawakupima kitu kimoja. Mmoja kapima udongo wa juu, sehemu yenye unyevu, kwa miaka michache. Mwingine kapima sehemu nyingine, kina kingine, muda mwingine. Na kuhusu sentimita 30, hapana, hazitoshi, hilo nitalirudia mwishoni maana ndo kosa linalonisumbua kuliko yote kwenye hii fani.

Msimamo wangu mwenyewe uko hivi, nauweka wazi mapema ili ujue unasoma maneno ya mtu anayeegemea wapi. Kwa muda mfupi, tabaka la juu la udongo wa milimani linaweza kabisa kuongeza kaboni kidogo joto likipanda, hasa kama maji yapo ya kutosha. Kwa muda mrefu, na ukihesabu udongo wote mpaka chini, mi naona hasara ndo inayotarajiwa zaidi, hasa kwenye maeneo yenye majimaji na yale ambayo ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Na kwenye nyika kavu za juu mabadiliko yanaweza kuwa madogo tu, sio kwa sababu joto halina nguvu, ila kwa sababu maji yanakwisha kabla joto halijafanya kazi yake.

Sasa tuanze na hili, kwa nini udongo wa kule juu una kaboni nyingi kiasi kile. Watu wengi wanadhani ni kwa sababu nyasi ni nyingi. Hapana, nenda mwenyewe ukaangalie, nyasi za kule ni fupi, nyingine hazifiki hata kifundo cha mguu, na msimu wa kukua ni miezi michache tu. Kinachoingia kwenye udongo kila mwaka ni kidogo. Fikiria ghala ambalo kila mwaka unaingiza debe mbili tatu tu za nafaka lakini baada ya miaka elfu unalikuta limejaa mpaka juu. Halijajaa kwa sababu mavuno ni makubwa, limejaa kwa sababu fukusi wamelala usingizi wa baridi. Bakteria na fangasi ndo fukusi wetu hapa. Baridi, na sehemu nyingine maji yaliyotuama yanayozuia oksijeni, vinawafanya wale polepole mno, kwa hiyo mizizi iliyokufa inarundikana mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne.

Ukilishika hilo utaelewa kwa nini tunahangaika na haya maeneo. Udongo wa dunia nzima, ukihesabu mita 1 ya juu tu, una kaboni kama tani bilioni 1500. Hewa yote juu yetu sa hivi ina karibu tani bilioni 900. Yani chini ya miguu kuna kaboni nyingi kuliko hewani, na ukiongeza miti na mimea yote bado udongo unaongoza. Uwanda wa juu wa Tibet peke yake una ukubwa wa kilomita za mraba milioni 2.5 hivi, wastani wa urefu wake unapita mita 4000 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ya nusu yake ni nyasi. Na kule joto linapanda karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Andes, Alpi, Rocky Mountains, milima ya Ethiopia, kote huko kuna nyanda za namna hii, kila moja na tabia zake, ila Tibet ndo kubwa kuliko zote, ndo maana makala nyingi utakazosoma zimetoka kule.

Turudi kwenye ghala. Joto likipanda kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na yote miwili inafunguka kwa wakati mmoja. Swali lote ni upi unafunguka zaidi na kwa muda gani. Hapa ndo watu wanapogombana.

Mlango wa kutokea nitauelezea kwa kirefu maana una mambo. Vijidudu vya udongo vinafanya kazi kwa vimeng'enya (enzaimu, vitu vinavyovivunjia chakula), na vimeng'enya ni kemia, na kemia inafuata joto. Mswidi mmoja, Svante Arrhenius, alishaandika kanuni ya hili mwaka 1889, kwamba mwendo wa mmenyuko unapanda kadiri joto linavyopanda, na unapanda kwa kasi inayoongezeka. Kwenye udongo tunasema kwa makadirio kwamba kila nyuzi 10 za sentigredi zikiongezeka upumuaji wa vijidudu, yani kaboni dayoksaidi vinayotoa vikila, unakuwa kama mara 2. Lakini kwenye udongo wa baridi mara nyingi inapita hiyo 2. Sababu moja ni hiyo kemia yenyewe, nyingine ni kwamba karibu na nyuzi 0 maji ndo yanabadilika kutoka barafu kuwa kimiminika, na kijidudu bila utando wa maji kimezuiwa kula hata kama chakula kiko hatua moja mbele yake. Kwa hiyo nyuzi 1 ya ziada kwenye mlima wa baridi inaleta badiliko kubwa zaidi, ukilinganisha na lilivyokuwa mwanzo, kuliko nyuzi 1 hiyohiyo kwenye bonde la joto.

Hapo mtu anaweza kukuuliza, si vijidudu vitazoea? Ni swali la haki kabisa. Mwaka 2001 Yiqi Luo na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwenye nyasi ndefu za Oklahoma, Marekani, wakaonyesha kwamba udongo uliopashwa joto ulianza kupumua kwa nguvu lakini baadaye ile nguvu ikapungua, kama vile mfumo umezoea. Wengi tulifurahi, tukaona kumbe kuna breki. Ila breki hiyo inaweza kuwa ya aina mbili na tofauti yake ni kubwa sana. Aina ya kwanza, vijidudu vimebadilika kweli, havishituliwi na joto tena, na chakula bado kipo. Aina ya pili, vijidudu vina njaa ileile na kasi ileile, ila chakula kirahisi kimeisha. Kwa nje vyote viwili vinaonekana sawa, upumuaji umeshuka. Kwa ndani, la kwanza ni habari njema na la pili ni kwamba hasara imeshatokea na wewe umefika kwenye msiba.

Kuna sehemu moja duniani inayosaidia sana kutenganisha haya mawili, nayo ni Iceland. Sio mlima mrefu, nakubali, lakini ni nyasi za nchi ya baridi na ni jaribio ambalo hakuna binadamu angeweza kulipanga. Mei 2008 kulitokea tetemeko kusini-magharibi mwa nchi hiyo, joto la chini ya ardhi likahamia sehemu mpya, na nyasi ambazo siku zote zilikuwa kwenye udongo wa baridi zikajikuta zinapashwa kutoka chini, sehemu nyingine nyuzi 1 au 2, nyingine zaidi ya 10. Na bahati ni kwamba jirani tu kuna bonde ambalo nyasi zake zimekuwa zikipashwa hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo unaweza kuweka miaka mitano na miaka hamsini pembeni kwa pembeni. Walichokuta ni kwamba kaboni ilipungua kadiri joto linavyozidi, na hasara ilitokea mapema, ndani ya ile miaka michache ya mwanzo, afu ikatulia. Na walipopima vijidudu, hata vile vya miaka 50 bado vilikuwa na kasi kubwa kila kimoja, havikuzoea, ila idadi yake ilikuwa imepungua kwa sababu chakula kilikuwa kimepungua. Ni ile breki ya aina ya pili. Kazi ile ilichapishwa 2018 na mi huwa naitaja kila mara mtu akiniambia udongo utajizoesha wenyewe.

Msitu wa Harvard huko Massachusetts nao una somo linalofanana na hilo, japo ni msitu. Tangu 1991 wamepasha udongo nyuzi 5 juu ya kawaida kwa nyaya zilizofukiwa, na katika miaka 26 ya mwanzo walichoona sio mstari mmoja, ni vipindi, hasara, kutulia, hasara tena, kutulia tena. Sasa fikiria ungekuwa na pesa ya utafiti ya miaka 3 tu na miaka yako 3 ikaangukia kwenye kutulia. Ungeandika joto halina athari na ungekuwa hujadanganya hata kidogo.

Haya, mlango wa kuingilia. Joto linarefusha msimu, theluji inayeyuka mapema, nyasi zinaamka mapema. Na vijidudu vinapokula vitu vilivyooza vinaachia naitrojeni, na mimea ya milimani mara nyingi ina njaa ya naitrojeni, kwa hiyo inakua. Hii ni kweli, imeonekana sehemu nyingi, na ndo msingi wa makala yako ya kwanza. Sehemu kubwa ya mmea kule iko chini ya ardhi, mizizi inazidi majani kwa mbali, kwa hiyo mmea ukikua kaboni inawekwa moja kwa moja ndani ya udongo. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza kwenye mambo mawili. La kwanza, mizizi hai inatoa majimaji ya sukari, na hayo majimaji yanawapa vijidudu nguvu za kushughulikia kaboni ya zamani ambayo vilikuwa vimeiacha kwa sababu ni ngumu. Ni kama umewasha moto wa magogo kwa kijiti kikavu. Kwa hiyo mizizi ikiongezeka na kushuka chini zaidi, inaweza kuleta kaboni mpya kwa mkono mmoja na kuchokoza ya miaka elfu kwa mkono mwingine. Kilima kinakuwa kijani, picha ya setilaiti inapendeza, na chini kaboni inaondoka. Tafadhali usikubali kijani kiwe ushahidi wa kaboni ya udongo, ni ushahidi wa majani tu.

La pili ni kwamba sio lazima ziwe nyasi zilezile. Joto likibadilika wenyeji wanaondoka na wageni wanaingia. Colorado, kwenye kituo cha utafiti kilichoko Gothic, karibu mita 2900, John Harte na wenzake walitundika hita juu ya majani ya mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaziacha zikiwaka usiku na mchana, kiangazi na baridi, kwa zaidi ya miaka 20. Kaboni ya udongo ikapungua. Lakini ukidhani ilipungua kwa sababu vijidudu vilikula haraka zaidi utakuwa umekosea, na hili ndo jambo lililonifanya niipende hii kazi. Sababu kubwa ilikuwa mimea. Ile mimea laini yenye maua, ambayo inakua sana na kuingiza vitu vingi laini kwenye udongo, ilirudi nyuma kwa sababu udongo ulikauka mapema, na nafasi yake ikachukuliwa na kichaka kigumu chenye miti miti, ambacho majani yake yanaoza taratibu. Kilichoingia kilishuka haraka kuliko kilichotoka, hesabu ikawa hasi. Na kwa kuwa majani ya kichaka yanaoza taratibu, inawezekana mbele huko kaboni ikarudi kupanda kidogo kidogo. Yani alama ya hesabu inaweza kugeuka kutokana na aina ya mmea, sio kutokana na kipimajoto. Halafu viwanja vya kulinganishia, ambavyo havikuwa na hita, navyo baada ya miaka kadhaa vikaanza kuelekea njia ileile kwa sababu hali ya hewa yenyewe imekuwa ikipata joto. Hilo halinipi raha hata kidogo.

Kwenye Alpi za Uswisi nako kuna kazi ya kuhamisha mapande ya nyasi na udongo wake kutoka juu kushusha chini kwenye joto, na sehemu nyingine wakapanda ndani yake mimea ya mabondeni, ile ambayo kwa kawaida ingepanda mlima yenyewe joto likizidi. Udongo uliopata wageni wa mabondeni ulipoteza kaboni zaidi kuliko uliobaki na wenyeji. Joto ni lilelile. Tofauti ni nani anaishi juu yake na mizizi yake inamwaga nini.

Sasa maji. Ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha kupima pembeni ya kaboni ningechagua unyevu wa udongo, hata kabla ya joto lenyewe. Kila nyuzi ya ziada inakausha. Kwenye nyasi zenye unyevu wa wastani, kukauka kidogo hakuna neno, mimea inaendelea, milango yote miwili inafunguka na matokeo yanaweza kuwa sifuri au ongezeko dogo juu. Kwenye nyika kavu, mimea na vijidudu vyote vinakwama kwa kiu, kinachoingia kinapungua na kinachotoka kinapungua, na mtafiti anaondoka na grafu iliyolala. Mpaka mvua ije, hapo vijidudu vinafumuka ghafla kwa siku mbili tatu na kama hukuwepo siku hizo umekosa sehemu kubwa ya hadithi. Kwenye mabwawa na majani ya majimaji mambo ni tofauti kabisa, pale kilichokuwa kinalinda kaboni sio baridi peke yake, ni kukosekana kwa oksijeni. Maji yakishuka sentimita chache tu oksijeni inaingia sehemu ambayo haijaiona kwa mamia ya miaka, na hapo sioni ni nini kitazuia. Kweli methani, gesi nyingine yenye kaboni, itapungua kwa sababu methani inahitaji pasiwe na oksijeni, na hiyo lazima uiandike kwenye hesabu kwa uaminifu, lakini kaboni dayoksaidi inayotoka ni ya akiba nzito sana.

Majira ya baridi nitayapitia haraka japo yanaonewa. Watu wanapima kiangazi kwa sababu ndo barabara inapitika. Ila chini ya theluji nene udongo haugandi sana, theluji ni blanketi, na vijidudu vinaendelea kupumua miezi yote hiyo wakati hakuna mmea unaorudisha chochote. Theluji ikipungua kwa sababu ya joto, ajabu yake udongo unaweza kuwa wa baridi zaidi wakati wa baridi maana blanketi limetolewa. Kwa hiyo hata huo msemo wa "joto limepanda nyuzi 2" kwenye udongo hauna maana mpaka useme miezi gani na kina gani.

Tuje kwenye ardhi iliyoganda, pemafrosti. Tibet ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1 za ardhi ya namna hiyo. Hapa kuna matokeo ambayo nadhani ndo yaliyokuchanganya, maana hata sisi yalitushangaza. Watafiti wa Kichina walirudi sehemu zilizochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakachimba tena miaka ya 2010, na matokeo yakachapishwa 2017: sentimita 30 za juu zilikuwa zimeongeza kaboni. Kwenye ardhi iliyoganda! Wameeleza kwamba mimea imekua zaidi na sehemu ya hiyo kaboni imebaki kwenye udongo. Mi nayaamini hayo matokeo, ni kazi nzito ya kurudi sehemu nyingi na sio modeli ya kompyuta. Ila soma tena kina. Sentimita 30. Kaboni ya kutisha kwenye ardhi iliyoganda iko chini ya hapo, mita 1, mita 2, mita 3, ile ambayo haijawahi kuona joto tangu ilipofukiwa. Tabaka linaloyeyuka kila kiangazi linashuka chini pole pole, na sehemu zenye barafu nyingi halishuki pole pole, ardhi inadidimia, mteremko unakatika na kuporomoka kama keki iliyolowa, na nyasi zote juu yake zinakwenda. Hapo huongelei tena asilimia moja moja kwa mwaka, unaongelea kiangazi kimoja kufukua kilichochukua miaka maelfu. Sehemu hizo bado ni ndogo kwa eneo lakini hazionekani kabisa kwenye majaribio ya viwanja vidogo, kwa sababu hakuna anayeweka hita zake kwenye mteremko unaoporomoka.

Na hili linanileta kwenye vifaa, maana sehemu ya ugomvi wa makala zako iko humo. Kifaa kinachotumika sana milimani ni vile vizimba vya plastiki vya pembe sita vilivyo wazi juu, vilianza kuenea kutoka kwenye mtandao wa utafiti wa maeneo ya baridi ulioanzishwa 1990. Ni rahisi, havihitaji umeme, vinaongeza nyuzi 1 mpaka 3 hivi. Lakini vinapasha zaidi mchana wa jua, vinapasha hewa kuliko udongo, vinazuia upepo, na vinaweza kukusanya theluji. Hita za juu zinapasha usiku na mchana ila zinakausha majani. Nyaya za kufukia zinapasha udongo na kuacha hewa. Kuhamisha udongo mlimani kwenda chini kunabadilisha mvua na hewa kwa pamoja na joto. Kila kimoja ni joto la aina yake, na chini ya sentimita 20 vizimba na hita vinafanya kazi kidogo sana. California kuna waliofukia vipasha joto wakapasha udongo wa msitu mpaka mita 1 kwa nyuzi 4, na upumuaji ukapanda kwa zaidi ya asilimia 30, na sehemu nzuri tu ya huo ulitoka kwenye udongo wa chini ambao zamani tulidhani umelala salama.

Hata wakubwa wamegombana kwenye hili. Mwaka 2016 Thomas Crowther na wenzake walikusanya majaribio 49 wakasema sehemu zenye akiba kubwa ya kaboni ndo zitapoteza zaidi, na mstari wa grafu yao uliounganisha akiba na hasara ulikuwa wa kuvutia. Mwaka 2018 wengine wakaongeza data mpaka majaribio 143 na ule mstari ukafifia. Haimaanishi kwamba hakuna hasara. Inamaanisha kelele ni kubwa kuliko sauti. Piga hesabu hii na mimi: chukua udongo wenye kilo 12 za kaboni kwa mita ya mraba, useme unapoteza gramu 30 kwa mwaka, ambayo ni hasara kubwa tu ukiitandaza kwenye mlima mzima. Baada ya miaka 4 umepoteza gramu 120, asilimia 1. Sasa chimba mashimo mawili mita mbili kutoka kwa kila moja, siku hiyohiyo, na utakuta yanatofautiana asilimia 10 au zaidi bila joto lolote. Utaionaje asilimia 1 ndani ya hiyo? Kwa hiyo makala inayosema "hatukuona badiliko baada ya miaka 4" isome kama ilivyo, hawakuona, basi.

Mifugo siigusi sana hapa maana inastahili jibu lake, ila usiisahau: sehemu iliyolishwa mpaka zulia la mizizi likapasuka itapoteza udongo wenyewe kwa upepo na maji, na ukija kupima utaisingizia joto.

Sasa wewe na koleo lako. Kwanza kina, nusu ya mashimo yako angalau yafike mita 1, kwa matabaka, 0 mpaka 10, 10 mpaka 30, 30 mpaka 60, 60 mpaka 100, usichanganye matabaka kwenye mfuko mmoja hata kama mvua inanyesha na wenzako wamechoka. Pili, pima uzito wa udongo kwa ujazo kila tabaka na utoe mawe. Hili sio jambo dogo. Udongo ukishindiliwa kutoka gramu 0.8 mpaka 0.9 kwa sentimita ya ujazo, zile sentimita 30 zako zinabeba udongo zaidi kwa asilimia 12.5, na utaripoti ongezeko la kaboni la asilimia 12.5 bila chembe moja kuongezeka. Kwa hiyo linganisha kwa uzito sawa wa udongo, sio kwa kina sawa. Wapo waliochapisha ongezeko ambalo lilikuwa ni kwato za wanyama tu.

Tatu, kama maabara yenu inaruhusu, tenganisha vile vipande vya mimea vilivyooza nusu na ile kaboni iliyoshikana na madini, udongo wa mfinyanzi na chuma. Milimani sehemu kubwa ni hivyo vipande, kwa sababu kuoza hakujakamilika na miamba haijasagika sana kuwa mfinyanzi, na vipande ndo vinavyoondoka kwanza. Jumla inaweza kubaki ileile huku vipande vikipungua, na hapo umeona badiliko miaka kadhaa kabla ya jumla kulionyesha. Kwa mradi wa mwaka mmoja hii ndo nafasi yako nzuri kuliko zote.

Nne, usitegemee kipimo cha gesi inayotoka peke yake. Gesi hiyo ni pumzi ya vijidudu na pumzi ya mizizi hai kwa pamoja, nyasi zikikua zaidi itapanda hata kama kaboni ya zamani haijaguswa. Ukipata namna ya kuzuia mizizi kwenye kiwanja kidogo au kupima umri wa kaboni inayotoka kwa redioaktivu ya kaboni 14, sawa, la sivyo andika wazi kwamba huwezi kutofautisha.

Unyevu na joto la udongo weka vihisio kwenye kina angalau viwili, sentimita 10 na sentimita 40, mwaka mzima, viache chini ya theluji hukohuko. Na kama sehemu yako ina ardhi iliyoganda andika tarehe uliyochimba na kina ulichokuta barafu, maana shimo la Juni na shimo la Septemba ni udongo tofauti. Ukigonga mwamba kabla ya mita 1, andika ulipogonga, na usijaze kilichobaki kwa makisio ya shimo la jirani.